Nilivyojifanya Nahodha wa Maporomoko

Jambo hili bado linaniuma, lakini nalisema. Wenzangu wa maabara hapa Gaithersburg, Marekani, walipopanga kwenda kupiga makasia kwenye maporomoko ya Mto Potomac, walidhani mimi Mzanzibari nayajua maji. Sikukanusha. Nikachora ramani, nikachagua njia kali kuliko zote, nikakubali kuitwa nahodha. Zuhura, mmoja wa wenzangu hao na mama wa watoto wawili, akasema, "Kaka, nitapanda mtumbwi wako. Nakuamini." Hata hapo nikamwandika kwenye mtumbwi wangu.

Asubuhi ya safari, mkufunzi alitutaka kwanza tupindue mitumbwi kwenye maji matulivu, ili tujizoeze kujiokoa. Wetu ulipopinduka, nilimng'ang'ania Zuhura begani nikipiga mayowe. Alisimama, maji yakimfika kiunoni, akanitazama.

"Kaka, kumbe hujui kuogelea? Na ungenipeleka kule kwenye mawe?"