Mnadi Aliyedhaniwa Amenyamaza

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa shingo za watu.

Kabla ya hapo, aliponadi, wanunuzi wa nyanya walikuwa wakisimama mbali naye, wengine wakiziba sikio moja kwa kidole huku wakicheka. Asubuhi moja akaona wameanza kusogea. Wananyoosha shingo, wanakunja uso, wanaulizana, "Kasema ngapi?" Yeye mwenyewe hakusikia tofauti yoyote katika sauti yake. Alidhani kuna lori limewashwa karibu.

Sasa ni saa kumi na mbili asubuhi, na mwanamke huyo hayuko tena mbele ya wanunuzi. Amechuchumaa nyuma ya soko la jumla, mbele ya beseni kubwa, anasugua kreti tupu za plastiki kwa brashi iliyokwisha meno. Maji yamegeuka mekundu kwa nyanya zilizopondeka. Upande wa pili wa ukuta, kijana aliyechukua nafasi yake ananadi. Kila kijana akipandisha bei, midomo ya mwanamke inacheza bila kutoa neno.

Sokoni wanamwita Tarumbeta. Jina hilo alipewa wiki yake ya kwanza ya kazi, akiwa bado msichana, kwa sababu sauti yake ilifika hadi kwenye mizani ya vitunguu bila kipaza sauti. Jina limebaki. Ila siku hizi watu hulitamka huku wakitazama pembeni.

Mazungumzo naye ni ya kunong'ona. Akinong'ona, maneno yanatoka yote, tena safi. Akijaribu kusema kwa sauti, koo linajifunga. Neno linaanza, linabanwa, linakatika vipande, kama mtu anayesukuma mlango ambao mwenzake ameuegemea kwa ndani.

"Koo haliniumi," ananong'ona. "Sikohoi. Nakula vizuri, nameza vizuri. Nikitaka kusema tu, ndipo linakaza."

Soko hili lina utaratibu wake. Hakuna kengele wala nyundo. Mnadi hupanda juu ya kreti iliyogeuzwa, akaita bei mfululizo, akiipandisha kila mnunuzi anapoinua kidole. Maadamu anaita, mali haijauzwa. Akinyamaza, basi, aliyetoa bei ya mwisho amechukua, na wapakiaji wanabeba. Tena mnadi haruhusiwi kumnong'oneza mtu, awe mwenye mali au mnunuzi. Anayenong'ona anahesabiwa kuwa anapanga bei.

Tarumbeta alikulia katika utaratibu huo. Aliacha shule darasa la tano, ada iliposhindikana. Aliyemlea ni shangazi yake, mkulima wa nyanya, na ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa mwenyekiti wa soko.

"Huyu alipokuwa mdogo, akilia mtaa mzima unatoka nje," shangazi alimwambia mwenyekiti. "Mpe kazi, angalau zile kelele zitulipe."

Mwenyekiti alicheka, akampa kreti ya kusimamia.

Mwaka jana, wakati wa mvua, shangazi alimpigia simu. Nyanya zilikuwa zimeiva kwa mkupuo na vibarua hawaonekani. "Njoo mwanangu, zinanifia shambani."

Akaenda. Walichuma siku nzima mvua ikiwanyeshea, matope hadi magotini, wakicheka kama wehu. Wakati wa kupakia, kreti iliyojaa iliteleza kutoka juu ya gari, na ukingo wake ukampiga shingoni.

"Umeumia?"

"Niko salama, shangazi. Ingekupata wewe ndiyo ingekuwa kesi."

Siku chache baadaye akashikwa na mafua makali. Sauti ikakauka. Hakupumzika, kwa kuwa mnadi asiyenadi halipwi. Alisimama juu ya kreti akiyavuta maneno kwa nguvu, akishindana na ngurumo za malori. Mafua yakaisha. Sauti ikarudi, lakini haikurudi ile.

Alikunywa kila alichoambiwa. Asali, maji ya chumvi, maji ya moto yenye limau. "Tangawizi niliyotafuna ningeipanda, leo ningekuwa na shamba langu," anasema, halafu anacheka.

Kicheko hicho kinashtua. Ni kikubwa, cha wazi, hakina mkwaruzo. Ghafla unaelewa kwa nini walimwita Tarumbeta. Anapoona umeshtuka, anajifunika mdomo kwa kiganja chenye povu.

"Ndicho kilichoniponza," ananong'ona.

Siku kilipomponza, zilikuwa zimeletwa kreti za shangazi, mavuno ambayo shangazi aliyategemea kwa mbegu za msimu uliofuata. Nyanya zilikuwa nzuri na vidole vilikuwa vingi hewani. Mnunuzi mmoja mnene, anayejulikana kwa jina la Kofia, alitoa bei ya chini ya kuanzia, kama kawaida yake ya kupima maji. Tarumbeta akaiita. Akafungua mdomo aipandishe, maana wawili walikuwa wameshainua vidole.

Koo likafunga.

Alijitahidi. Mishipa ya shingo ilimsimama, macho yakamtoka, kifua kikajaa pumzi isiyo na pa kutokea. Waliokuwa nyuma hawakuona hayo. Walichosikia ni kimya.

"Zimekwenda!" Kofia akapaza sauti. Wapakiaji wakainama wakabeba.

Wale wawili wakalalamika. Mwenyekiti akaitwa, akaja akijifuta mikono. "Utaratibu mnaujua nyote," akasema. "Mnadi amenyamaza. Mzigo umeuzwa."

Kofia alifurahi mno. Akanunua soda, akamwekea Tarumbeta mkononi mbele ya kadamnasi. "Binti, leo umenipenda! Nikimwambia mke wangu atanuna."

Watu wakacheka. Na yeye, kwa aibu, kwa kutojua afanye nini na ile soda, akacheka pia. Kicheko kikatoka chote, kikasikika hadi kwenye mizani ya vitunguu.

Shangazi alikuwa amesimama hatua chache tu. Akamtazama mpwa wake, akaitazama soda.

"Kumbe sauti unayo," akasema. Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Habari ikazunguka soko zima kabla ya jua kukaza. Tarumbeta kala na Kofia. Kamuuza shangazi yake kwa soda. Baadaye kuna aliyemsikia akimbembeleza kwa wimbo binti yake mchanga aliyembeba mgongoni, sauti laini isiyokatika hata mahali pamoja, na hiyo ikawa ushahidi wa pili. Mwenyekiti akamteremsha kwenye kreti. Alizoea kurudi nyumbani na elfu kumi na mbili siku nzuri. Kreti za kuosha zinampa elfu tatu.

Miezi ikapita ndipo akafika kwa daktari wa koo, katika hospitali kubwa. Daktari, mama wa makamo, alimpitishia puani mrija mwembamba wenye taa akazitazama nyuzi za sauti. Nyuzi zilikuwa nzima. Akamwambia aseme, zikajikaza. Akamwambia aimbe, zikaachia.

"Haigizi," daktari anasema. "Wengi wenye tatizo hili huweza kuimba, kucheka, kulia, kunong'ona. Kinachoharibika ni amri ya kusema inayotoka kwenye ubongo. Misuli inaambiwa kaza wakati inapaswa kulegea."

Na chanzo? Daktari anashusha pumzi. "Wapo waliosema yaliwaanza baada ya mafua makali. Wengine baada ya kuumia shingoni, au baada ya upasuaji ambao waliwekewa mpira wa kupumulia kooni. Wengine waliitumia sauti kupita kiasi. Na wengine hawakupatwa na lolote. Huenda mambo hayo huamsha kitu kilichokuwa kimelala. Huenda. Sina cha kumhakikishia."

Kwa Tarumbeta, neno hilo "huenda" ndilo zito kuliko yote. Mvua ile, kreti ile, mafua yale, vyote vinarudi shambani kwa shangazi.

"Nikimwambia naumwa, ataniuliza ulianza lini," ananong'ona, akikwangua ganda la nyanya kwa ukucha. "Nitamjibu nini? Ajue kuwa aliniita na ndipo nikaharibika? Nikaona bora aniite mwizi. Mwizi atamchukia, kisha atalala. Lile lingine lisingemwachia usingizi."

Kuna sindano. Dawa hupigwa kwenye misuli ya koo, ikailegeza kwa miezi kadhaa, halafu inarudiwa. Haiponyi. Baada ya kuchomwa, sauti huweza kuwa ya hewa tupu kwa muda kabla ya kutulia. Ameandikiwa tarehe, mwezi ujao, na amepania kwenda. Hataki kurudishiwa kazi. Anataka kupanda juu ya kreti asubuhi moja tu, azinadi nyanya za shangazi hadi kidole cha mwisho kishuke.

Lakini leo ni siku ya nyanya, na shangazi yuko sokoni. Mzigo wake umekwisha kuuzwa na yule kijana. Sasa anakuja nyuma ya ukuta kuchukua kreti zake, kama anavyofanya kila mara, bila salamu. Anaanza kuzipanga.

Leo Tarumbeta amechoka kupitwa bila salamu. Anasimama, mikono inachuruzika maji. Anafungua mdomo. Shingo inakaza, mishipa inatoka, sauti inakwama. Wasafisha kreti wengine wanainamisha macho.

Kisha anafanya jambo ambalo mnadi hafanyi. Anasogea, anaweka mdomo kwenye sikio la shangazi, ananong'ona mbele ya watu wote.

"Ni ugonjwa, shangazi."

"Ugonjwa gani unaocheka?" Shangazi hageuki.

Anamweleza. Mrija, nyuzi, amri inayokosea njia. Shangazi anasikiliza, kreti mkononi. Halafu swali linakuja, lile lile.

"Ulianza lini?"

Tarumbeta anaanza kumpangia kreti. Shangazi anamtazama shingoni, pale ukingo ulipompiga, na kreti inamtoka mikononi.

"Ile mvua," anasema. "Nilikuita mwenyewe."

"Daktari hajui. Na mimi sijui. Hakuna anayejua, shangazi."

Shangazi anakalia kreti iliyolowa. Ananyoosha mkono, anauweka juu ya koo la mpwa wake kwa woga, kama mtu anayegusa chungu asijue kama bado ni cha moto. Mpwa wake anachuchumaa mbele yake na kulinong'ona neno lile alilolibeba tangu siku ya soda.

"Sikunyamaza, shangazi. Nilikuwa bado naita."