Baba Alivyozikwa Huku Anakula Pilau

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya mpunga, baba yangu alilala chali sakafuni na wazee wenzake kumi wakampima. Walimpima kutoka utosini hadi kisiginoni, wakampima na mabega, katibu akaandika kwenye daftari. Kisha baba aliinuka, akajipangusa vumbi, akalala mwingine. Mlango ulikuwa unafungwa, kwa sababu mzee mwenye wajukuu hapendi kuonekana amelala chini anapimwa kama ubao.

Hicho kilikuwa chama chao cha kuzikana, hapa Kilosa, kwenye nyumba moja ya kota za zamani za reli. Wengi wao walikuwa wastaafu wa reli au watoto wa vibarua wa mkonge, wawili walikuwa wakulima wa Tindiga, Waislamu na Wakristo wamechanganyika. Kupimana kulianza baada ya aibu mbili zilizofuatana. Mwenzao mmoja aliletewa jeneza fupi kutoka Morogoro, akaingizwa humo amekunja magoti. Mwingine, Mwislamu, kaburi lake lilichimbwa kwa kukadiria kwa macho, waombolezaji wakasimama juani na maiti yao huku wachimbaji wanaongeza urefu. Wazee wakaapa kwamba hayo hayatajirudia. Na kwa kuwa binadamu hunenepa na kukonda, wakaamua vipimo vichukuliwe upya kila mwaka.

Walikuwa na desturi nyingine. Mwanachama akifiwa, wanaume ndio waliopika, ili wanawake wapate nafasi ya kulia bila kukimbilia masufuria. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na aproni nyeupe, iliyoshonwa na mdogo wangu wa kike, ambaye ni fundi cherehani pale sokoni. Wazee walizipenda zile aproni kupita kiasi. Walizivaa hata kwenye vikao ambavyo hakuna kilichopikwa.

Sasa chukua mlango uliofungwa. Weka ndani wazee kumi wenye aproni nyeupe, mmoja kashika futi kamba, mwingine kashika skwea ya useremala, na wa kumi na moja amelala chini kafumba macho. Halafu mlete jirani yetu mmoja, anamfuata mbuzi wake aliyekata kamba, achungulie dirishani.

Jioni ile ile Kilosa nzima ikajua kwamba baba yangu ni Freemason.

Neno lenyewe si geni kwetu. Matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, jirani na yale ya waganga, yakiahidi utajiri kwa kila atakayepiga simu. Hakuna mtu ninayemfahamu aliyewahi kumwona Freemason, lakini taratibu zao kila mtu anazijua: wanajifungia ndani na aproni na skwea, unapewa nyumba na gari, nawe unamtoa kafara mtu wako wa karibu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nina hasira za karibu. Niliwauliza walimu wenzangu, Freemason gani anamiliki baiskeli moja isiyo na tandiko na anakunywa chai ya rangi bila sukari? Mmoja wao akanijibu kwa upole kabisa kwamba wale wakubwa ndivyo wanavyojificha. Ikiwa hata umaskini wetu umegeuka ushahidi, utamtetea mtu kwa hoja gani?

Vijana wakaanza kuja nyumbani kuomba kujiunga. Mmoja alitoka Kilangali kwa bodaboda, kabeba picha nne za pasipoti na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji. Akampa baba shikamoo, akaketi, akasema yuko tayari kumtoa mama mkwe wake. Baba, ambaye hakuelewa hayo ya kumtoa mtu, alimuuliza kama yuko tayari kupimwa. Kijana akataka kujua anapimwa nini. Baba akamweleza kwamba ni urefu, kwa ajili ya kaburi. Yule kijana aliondoka mbio hata zile picha akazisahau mezani, na mama akazitumia kuziba tundu la panya.

Tulicheka sana. Tungeendelea kucheka hadi leo kama mdogo wangu asingekuwa amechumbiwa.

Mchumba wake alikuwa fundi magari wa Mikumi, kijana mtaratibu, na mdogo wangu alimpenda waziwazi. Alikuwa amefika miaka thelathini na mitatu. Kabla ya huyu, mwingine alimzungusha miaka minne kisha akaoa Ifakara. Siku wakwe walipotuma ujumbe kwamba wanakuja kuongea, alishona magauni ya wateja mpaka akajidunga sindano mara mbili.

Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa bwana harusi, mtu mnene, mwenye nyumba ya kulala wageni kando ya barabara kuu pale Mikumi. Alizunguka sana na maneno yake, akamsifia mama chai, akasifia hata ukuta. Mwishoni akasema lisemwalo lipo. Hawana ubaya na mzee, ila katika nyumba za namna ile, anayetangulia kutolewa huwa mkwe. Kwa hiyo wanaomba jambo moja tu: mzee atoke chamani, hadharani, wao wakishuhudia. Asipotoka, posa yao wataichukua.

Baba aliwaeleza habari za jeneza fupi. Nadhani ndipo alipoharibu zaidi.

Wiki mbili baba hakutoa uamuzi. Mimi nilimwendea kwa maneno makali, ninakiri, kwa sababu usiku nilikuwa namsikia mdogo wangu analia upande wa pili wa ukuta. Nikamwambia kwamba vikao vya wazee vipo vingi, mume ni mmoja. Akanijibu kwamba harusi ikiharibika inaweza kufanywa nyingine, mazishi hayarudiwi. Ila asubuhi yake nilimkuta uani anaipiga pasi ya mkaa aproni yake, taratibu, mikunjo yote, kisha akaikunja na kwenda nayo kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa stesheni masta mstaafu. Maishani mwake hakuwahi kuruhusu treni iondoke bila karatasi, na hakuona sababu ya kumruhusu mtu. Alifungua katiba ya chama, iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari la shule, akaweka kidole kwenye mstari: mwanachama hatatoka chamani isipokuwa kwa kuzikwa na wenzake. Akasema hakuna mlango mwingine.

Baba akamuuliza sasa itakuwaje.

"Itabidi tukuzike," mwenyekiti akasema. "Jumamosi una nafasi?"

Baba alikuwa na nafasi.

Nilidhani wanatania. Kumbe walikaa kikao kizima wakijadili. Wazee wa dini zote mbili waliweka msimamo kwamba hakutakuwa na sala wala kaburi, maana na Mungu hakuchezwi. Yaliyobaki yote yangefanyika: turubai, viti, wanaume kupika, wasifu wa marehemu kusomwa. Mama aliombwa akae kwenye mkeka wa wafiwa. Akasema hawezi kuvaa kaniki huku mume yuko anadai chumvi. Siku hiyo alivaa gauni lake la njano, akakaa pembeni kawapa mgongo wote.

Wakwe walifika saa sita mchana kwa gari la kukodi. Yule baba mdogo alishuka, akaona turubai, akaona masufuria na wazee wenye aproni wanakoroga pilau, akavua kofia. Akaniuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

"Baba," nikasema.

"Pole sana, mwalimu. Lini tena?"

"Leo. Yule pale, anakula."

Alimtazama baba muda mrefu. Baba akampungia mkono wenye wali.

Kisha mwenyekiti akasimama na kusoma wasifu. Alisoma marehemu alizaliwa wapi, alianza kazi ya reli stesheni gani. Marehemu akanyoosha mkono kusahihisha jina la stesheni. Mwenyekiti akamkatalia, akasema marehemu hana nafasi ya kuchangia. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, mpaka yalipofika mambo nisiyoyajua. Kumbe mwaka wa mafuriko makubwa baba alitembea juu ya reli tangu alfajiri na maji yakimfika kiunoni, kwenda kumchimbia kaburi mwenzake ambaye ndugu zake walishindwa kuvuka. Kumbe kuna abiria alikutwa amekufa ndani ya treni, hana jina wala wa kumdai, na baba ndiye aliyewashawishi wenzake wamzike kama mwanachama. Wakampima, wakamchongea jeneza lake sawasawa. Baba hakuwahi kututajia hata moja. Alikuwa ameinamisha uso kwenye sahani, machozi yanadondokea wali, na niliona aibu kwa maneno yangu ya zile wiki mbili.

Yule baba mdogo alikuwa ameacha kutafuna. Mwenyekiti alipofunga daftari na kutangaza kwamba marehemu ametoka rasmi chamani, wakwe wengine walipiga makofi, wakaanza kuulizana tarehe ya harusi. Yeye akainuka na kumfuata mwenyekiti hadi kwenye masufuria.

"Mzee wangu," akasema, "mtu wa Mikumi mnamkubali?"

Mwenyekiti akamuuliza mtu yupi.

"Mimi. Nina vyumba kumi na viwili, kila siku vimejaa. Watoto wangu wako mbali, ndugu hatusemeshani. Siku nikifa, wageni watahamia nyumba ya pili, basi."

Wazee walitazamana. Palikuwa na nafasi moja, imepatikana dakika chache zilizopita. Mwenyekiti akamuuliza kama yuko tayari kupimwa, akasema yuko tayari hata sasa hivi. Mmoja akamletea aproni ya baba, ile ile iliyopigwa pasi, ikagoma kufunga kiunoni wakaongeza kamba. Wote wakaelekea ndani. Na baba, kwa mazoea, akanawa mikono, akajipangusa, akafuatana nao.

Mwenyekiti akamzuia mlangoni. Hakumzuia kwa ubaya, alimwekea tu kiganja kifuani.

"Samahani, marehemu. Ni wanachama tu."

Mlango ukafungwa.

Baba alisimama pale kidogo, kisha akaja kukaa kwenye benchi chini ya turubai, kati ya viti vitupu. Tukamsikia yule bwana huko ndani anauliza kama avue viatu. "Vua," baba akajibu polepole, ingawa hakuna aliyemsikia isipokuwa sisi. Wakacheka huko ndani, wakaitana, wakabishana vipimo. Futi kamba haikumtosha mabegani.

Mdogo wangu akaenda kukaa karibu naye. Alimshika mkono, akamwambia kwamba harusi basi, aende agonge mlango, awaambie arudishwe, yeye mume atapata mwingine. Alikuwa anasema kweli, namjua. Baba alimwangalia, akamfuta machozi kwa kiganja ambacho bado kilinukia pilau.

"Wewe olewa," akamwambia. "Mimi nimeshakufa, mwanangu. Usinifanye nife bure."