Siku Niliyoletewa Maua ya Shufwa

Habari za kifo changu nilizipata kwenye foleni ya banitsa.

Haikuwa ndoto. Mimi, Velcho Drumev, serahangi mstaafu wa jeshi la majini, nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda cha Zlatka, muuza banitsa, mikate yetu ya tabaka, hapa Burgas, Bulgaria, viatu vimeng'arishwa na tai imenyooka, kama nifanyavyo kila asubuhi. Zlatka aliinua macho, akaangusha koleo lake, akajipiga ishara ya msalaba.

"Mzee Velcho! Wewe si umekufa?"

"Bado," nilimjibu. "Nipe banitsa ya jibini, na leo upunguze chumvi."

"Usinitanie, Mzee! Tangazo lako si hilo hapo nguzoni? Nimelia mpaka nimeunguza trei nzima!"

Nikaenda nguzoni.

Kwetu mtu akifariki, jamaa zake hubandika karatasi yenye picha yake kwenye nguzo, milango, hata miti, na kila mwaka huibandika upya. Basi pale, katikati ya marehemu wawili ninaowafahamu vizuri, nilikuwapo mimi. Picha nyeusi na nyeupe. Sare kamili. Mstari mweusi kuzunguka. Jina langu, na chini yake: 1964–1991.

Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, paliandikwa kwamba kona ya kumbukumbu ya meli yetu, Perunika, ingefunguliwa asubuhi hiyo katika jumba la makumbusho ya wanamaji.

"Hiyo ni miaka ya utumishi wangu," nilimwambia Zlatka. "Kwani hamsomi?"

"Nani asome, Mzee? Picha, mstari mweusi, miaka miwili na kistari katikati. Kwa mtaa huu, hapo umeshazikwa na wali tumeshakula."

Sikungoja banitsa. Nilikwenda hadi jumba la makumbusho kwa mwendo wa gwaride, nikamkuta mjukuu wangu Ralitsa, mfanyakazi wa pale, anafuta vumbi kwenye vioo.

"Ralitsa! Umenizika!"

"Shikamoo kwanza, Babu."

"Marahaba. Umenizika!"

"Printa imeishiwa rangi, Babu. Imebaki nyeusi tu."

"Na huo mstari?"

"Urembo."

Nilitaka kumpa somo refu kuhusu urembo, lakini macho yangu yaliangukia kwenye kona yetu. Kulikuwa na picha, kofia yangu, na ndoano tupu ukutani. Ndoano ya kengele.

Mkurugenzi alikuwa ametuonya. Kona isiyo na kitu cha melini, alisema, ni ukuta tu. Kama kengele isingepatikana kabla ya ufunguzi, nafasi ingepewa watu wa nyambizi. Watu wa nyambizi! Watu wanaojisifu kwa kujificha!

Na kengele hiyo alikuwa nayo Stamen Kolarov.

Perunika ilikuwa meli ya kufagia mabomu baharini. Siku moja ukungu mzito ulitukuta kwenye mashua ndogo, mimi na mabaharia wawili, tukaipoteza meli. Hatukuona hata makasia yetu. Stamen, aliyekuwa zamu sitahani, aliipiga kengele bila kupumzika, nasi tukaifuata sauti yake kama vifaranga hadi tukagusa ubavu wa meli.

Miaka mingi baadaye meli ilipelekwa kuvunjwa, kengele ikatoweka. Nilimwambia Stamen, mbele ya watu, kwamba kengele ile ni mali ya taifa na mahali pake ni makumbusho. Akasema hajui kengele yoyote. Nikamwita mwongo. Tangu hapo, salamu yetu ikawa ni kuvuka barabara.

Nikiwa bado naitazama ndoano, Ralitsa akanivuta nyuma ya pazia la dirisha: waombolezaji, walioambiana kwamba msiba uko makumbusho, walikuwa wanaingia.

Mwenye duka la dawa alileta maua mawili. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, manne. Kwetu maua ya marehemu ni ya shufwa daima. Aliye hai hupewa ya witiri, na ukikosea hesabu kwenye sherehe ya mtu, hutaalikwa tena. Yote niliyoyaona mbele ya picha yangu yalikuwa ya shufwa.

Nikakunja uso, nikajiandaa kutoka kuwakemea. Ralitsa akanishika mkono.

"Babu, chungulia dirishani."

Stamen alikuwa anapanda ngazi. Kifuani amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwenye blanketi, kama mtu aliyebeba mtoto. Kwapani ana maua ndani ya gazeti.

"Ukijitokeza sasa hivi," Ralitsa akanong'ona, "anageuza na kengele yake. Unamjua."

Nilimjua.

Wasomaji wangu, nimefundisha vijana wa taifa hili kusimama wima mbele ya dhoruba. Asubuhi ile nilichutama nyuma ya bomu la majini, lile tufe kubwa la chuma la maonyesho, lenye pembe, lisilo na baruti tangu kabla Ralitsa hajazaliwa. Magoti yalilia. Heshima yangu ililia zaidi.

Stamen akafungua blanketi. Shaba ikang'aa. Alikuwa ameisugua mpaka ikawa kama kioo. Akaitundika kwenye ndoano, akavua kofia, akawageukia watu.

"Jamani, huyu bwana alikuwa mkavu kama biskuti ya melini," alianza. "Alinigombeza miaka yote kwa ajili ya kifungo kimoja cha shati."

Watu wakacheka kwa adabu. Mimi nilikuwa nakikumbuka kifungo kile. Kilikuwa cha pili kutoka juu.

"Lakini siku ile ya ukungu, jamani, mimi sikupiga kengele kwa sababu ya amri. Nilikuwa namwita. Kila nikiigonga nasema, njoo, mkorofi wewe, njoo. Ndiyo maana nilishindwa kuitoa. Nyie mnaona shaba tu. Mimi nikiigusa, namwona anatokea ukunguni."

Nikatoa leso, nikajifuta macho. Ni vumbi la lile bomu.

"Nakumbuka," Stamen akaendelea, "upepo wa mashariki ulikuwa unavuma kwa nguvu, na ukungu umetanda..."

Niliing'ata tai yangu.

"Upepo mkali kweli, jamani, wa kung'oa kofia, na ukungu ule ule..."

Kuna mambo ambayo mtu mwadilifu hawezi kuyavumilia, hata akiwa marehemu.

"Shwari!" sauti yangu ikanguruma kutoka nyuma ya bomu. "Bahari ilikuwa shwari! Upepo ukivuma, huo ukungu unakaa wapi?"

Jirani yangu akapiga yowe. Mwenye duka la dawa akashika ukuta.

"Ni yeye kabisa," alisema. "Hata amekufa, anasahihisha!"

Nikainuka, magoti yakilia kama bawaba kuukuu, nikanyoosha tai. Watu wote walikuwa wameduwaa, isipokuwa mmoja. Stamen alikuwa anatabasamu.

"Umechelewa, bwana wee," aliniambia. "Nilidhani utaruka nikitaja upepo mara ya kwanza."

"Ulijua?"

"Hesabu maua."

Akafungua gazeti. Yalikuwa matano. Witiri.

"Nilivaa miwani, nikasoma yale maandishi ya chini," alisema. "Maiti gani anafungua kona ya makumbusho?"

"Basi kengele umeileta ya nini?"

Stamen akaizungusha kofia yake mikononi.

"Ile miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, Velcho, nikaifuata ili nisome saa ya mazishi. Kutoka nguzoni mpaka nyumbani kwangu, ulikuwa umekufa. Njia ile sitaki kuipita tena."

Nikamfunga kifungo cha shati, cha pili kutoka juu.

Mchana ule tulikunywa rakia, pombe yetu kali ya matunda, nyumbani kwangu. Anapokumbukwa marehemu, kwetu hatugonganishi bilauri. Stamen aliigonga yangu kwa nguvu hadi ikapata ufa.

Maelezo chini ya kengele tuliyabishania mpaka mkurugenzi akatuomba tuende tukabishanie nje. Mimi nilitaka jina lake, yeye alitaka langu. Leo yanasomeka hivi: *Ilipigwa na Stamen Kolarov, ikasikiwa na Velcho Drumev.* Watu wa nyambizi wamepewa nafasi karibu na msalani.

Wiki iliyofuata nilikuta tangazo jipya nguzoni. Stamen na mimi, kila mmoja upande wake wa kengele. Mashavu yetu mekundu kama nyanya, bahari buluu, shaba ya dhahabu.

"Printa imepona?" nilimwuliza Ralitsa.

"Haikuwa mgonjwa, Babu."

Nilimtazama kwa jicho lile lililowahi kuwatetemesha mabaharia. Hakutetemeka. Ni damu yangu. Nikamnunulia banitsa.

Nawaachieni neno moja, nanyi mlishike. Kama una jema la kumwambia mtu, mpelekee leo, ungali na sababu ya kuhesabu maua kwa witiri. Na ukimsimulia mambo ya baharini, hakikisha upepo umeuweka mahali pake.