Chumvi ya Ng'ambo ya Bonde

Sababu ya safari ilikuwa kuta nne. Masika yalikuwa yameangusha nyumba ya ibada ya usharika mdogo huko milimani, juu ya Kwai, na waumini wake, wazee kwa watoto, walikuwa wakisali chini ya turubai. Mchungaji wetu wa Muheza akatangaza kwamba vijana wa kwaya tuende tukawajengee kabla vuli haijaanza. Ilikuwa miaka ya kujitegemea. Hakuna aliyethubutu kusema mgongo unamuuma.

Jumatatu alfajiri tulipanda basi hadi Mombo, na hapo tukapanda jingine la kwenda Lushoto. Kiongozi wetu wa ujenzi alikuwa Elia, mwimba besi, pekee kati yetu aliyewahi kushika mwiko wa uashi. Sauti yake ni ya kutikisa vioo vya kanisa. Njia nzima alitueleza mambo tutakayowafundisha watu wa milimani, na abiria Washambaa walimsikiliza kwa adabu.

Jioni tulifika kwa miguu, tumejikunja kwa baridi. Mama Rahel, mzee wa kanisa, alitupokea. Tulimwamkia shikamoo mmoja mmoja, naye akaitikia marahaba mmoja mmoja, kisha akatupakulia ndizi na maharage. Chakula hakikuwa na chumvi. Yeye hakueleza, nasi hatukuuliza.

Hapa niwaeleze mahali palivyo, maana bila hilo hamtaelewa kilichotupata. Nyumba ziko kwenye miteremko miwili inayotazamana, na katikati kuna bonde jembamba. Mtu akitaka kwenda ng'ambo lazima ateremke hadi mtoni, kisha apande mpaka magoti yalalamike. Sauti haina magoti; inavuka tu. Wanawake waliokuwa wakilima upande wetu walizungumza na wenzao wa upande wa pili kama watu walioketi jiko moja. Sisi tuliwaona, tukadhani wamezoea kupiga kelele.

Jumatano adhuhuri, kona ya kushoto ya ukuta ilikuwa imepinda. Tuliiona wote. Elia alikaa juu ya jiwe, uso ameuelekeza bondeni, akatutuliza.

"Tutapiga lipu nene, hawataona. Ikianguka, sisi tuko Muheza." Akanyoosha miguu. "Na ndizi zile zikija tena bila chumvi, mimi naacha wokovu."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Jua lilipokaribia kuzama, Mzee Hatibu, Mwislamu, mkulima wa kabichi wa ng'ambo, alifika kwa Mama Rahel akihema. Alitoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa vizuri.

"Chumvi ya wageni," alisema. "Nasikia kuna mmoja wokovu wake uko hatarini."

Nyuma yake alikuja mama mwenye kikombe, na mwingine mwenye jani la mgomba, kila mmoja na chumvi ya kubana kwa vidole. Wote walituuliza hali kwa upole, na wote walitaka kujua hasa Elia ameshindaje. Elia, ambaye sauti yake hujaza kanisa, alijibu kama mtu mwenye jino bovu.

Walipoondoka ndipo Mama Rahel alipotuambia kwamba duka la kijiji halijaletewa chumvi tangu mavuno ya maharage. Tulicholetewa kilikuwa kimekwanguliwa kwenye vitako vya makopo. Akaonja mchuzi, akaridhika, akaweka mwiko chini.

"Chumvi umepata, mwanangu," alimwambia Elia. "Na sisi, kona yetu je?"

Maharage yalikuwa matamu sana usiku ule, na yalikuwa magumu kumeza.

Alhamisi asubuhi Elia alikuwa wa kwanza kufika, akaibomoa kona kwa mikono yake. Mzee Hatibu alikuja na jembe kukanda udongo, na wale wa chumvi wakaja na maji. Tulianza upya. Kila Elia aliposhusha timazi, mtu alimuuliza kutoka ng'ambo, "Imenyooka?" naye ilimlazimu asimame ajibu. Mara mbili alijibu, "Bado," akabomoa tena. Sijawahi kuona fundi akikaguliwa na mlima mzima.

Jumapili tuliimba ndani ya kuta nne zilizonyooka, mabati yakisubiri kupigiliwa, na Jumatatu tukaanza kuteremka. Nilichojifunza ni hiki, nanyi vijana mtakaotumwa baada yetu msiogope, ni kitu chepesi: jenga kana kwamba mwenye nyumba anakusikia. Mara nyingi anakusikia kweli.

Kwenye kona ya mwisho ya njia Elia alisimama, akatazama bondeni, akasema kwa sauti ya chini kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo, "Zile ndizi za siku ya kwanza zilikuwa tamu."

Kisha, kutoka kwenye kabichi za ng'ambo:

"Mwongo huyo. Karibu tena."