Tiketi ya Mama Yotham Mkwe

Yudith Ndahani ameshona majoho ya kwaya kwa miaka ishirini na sita kwenye baraza ya nyumba yake pale Msalato, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kumwita Yudith. Kwa wote yeye ni Mama Yotham. Mchungaji anamwita Mama Yotham, muuza mkaa anamwita Mama Yotham, na mumewe marehemu, Mungu ampumzishe, alimwita hivyo hivyo tangu siku mtoto wao wa kwanza alipozaliwa. Jina la Yudith lilibaki kwenye kitambulisho cha taifa, kitambulisho ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya Biblia, na Biblia juu ya kabati. Lilikuwa limepumzika vizuri.

Ndege alizifahamu kwa upande wa chini. Walipoanza kuchimba kiwanja kipya cha ndege jirani, vumbi lake lilisafiri bila nauli hadi kwenye vitambaa vyake vyeupe, naye akavifua upya na kumshukuru Mungu kwa maendeleo.

Sasa ikatokea kwamba huyo Yotham mwenyewe, aliyekuwa akitumika kanisani huko Kigoma, awekewe mikono na askofu Jumapili ili awe kasisi. Kila kijana angesimama na wazazi wake, na mzazi ndiye angemvika kanzu. Yotham hana baba. Kanzu aliishona mama yake mwenyewe, akaitarizi pindo kwa mkono wiki tatu nzima, na kama mama asingefika, kanzu isingefika, na kijana angesimama mbele ya waumini kama mtu aliyeokotwa barabarani. Kwenda kwa basi haikuwezekana. Mgongo wa Yudith ulishakataa safari ndefu, na daktari aliuunga mkono.

"Basi mama atapanda ndege," alisema Gladness, binti yake, anayekaa Area D na mumewe Daudi.

Hapo ndipo Daudi alipopata nafasi aliyoingoja tangu aoe.

Daudi ni kijana mzuri, anasali, hanywi. Kosa lake ni moja tu: anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi ya serikali kule Mtumba, na kwa sababu hiyo anaamini kila kitu duniani kimewekwa ndani ya simu yake, wokovu ukifuata karibuni. Wakati huo huo ni mtoto wa Mvumi aliyelelewa na bibi, na bibi yule alimfunza heshima ya mkwe bila kumpunguzia hata kidogo. Daudi hampi mama mkwe mkono. Hali naye sahani moja. Akiwa na neno kwake, analipitisha kwa Gladness hata kama wote watatu wako chumba kimoja. Na jina lake halitaji, kabisa kabisa. Kwenye simu amemwandika "Mkwe."

Jumanne jioni alisimama mlangoni, macho kwenye dari. "Gladi, mwambie mama asiende kwa wale mawakala wa mjini. Ni madalali wale. Wanachukua tiketi ya shirika, wanaongeza cha kwao, basi. Siku hizi unakata direct, kwa shirika lenyewe."

Gladness akageuka kwa mama yake aliyekaa hatua mbili kutoka pale. "Mama, anasema usiende kwa mawakala."

"Nimesikia," Yudith alijibu kwa upole. "Muulize, hiyo direct ina mtu wa kuongea naye?"

"Anauliza ina mtu?"

"Mtu wa nini?" Daudi aliiambia dari. "Ndiyo uzuri wake, haina mtu!"

Kesho yake saa saba mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula, Daudi alifungua tovuti ya shirika la ndege. Alipata nauli iliyopungua kwa elfu thelathini na tano kuliko ya wakala, na pembeni saa nyekundu ikihesabu kurudi nyuma: bei hii inaisha baada ya dakika nne. Mashirika haya yana huruma sana, hayapendi mteja achoke kwa kufikiri. Daudi akajaza tarehe, akajaza namba ya simu, akajaza barua pepe yake, vidole vikikimbia. Kisha akafika kwenye kisanduku kilichosema: jina la kwanza la abiria.

Vidole vikasimama.

Kumpigia Gladness kungemaliza dakika zote, maana Gladness hupokea simu akishamaliza anachokaanga. Na kuandika jina la mkwe, alijiuliza, si sawa na kulitaja? Bibi hakuwahi kulizungumzia suala la tovuti. Zilipobaki sekunde arobaini, Daudi akachagua heshima. Jina la kwanza: Mama Yotham. Jina la ukoo: Mkwe. Tovuti haikubisha. Ilichukua hela, ikamtakia safari njema.

Jioni alituma picha ya tiketi kwa mkewe pamoja na vidole gumba vitano.

Yudith alipoonyeshwa alifurahi. Akavaa miwani na kusoma herufi kwa herufi, maana darasa lake la saba halijaota kutu. Mama Yotham, ndiyo, ni yeye. Mkwe, ni kweli, ni mkwe wa mtu. Hakuona kasoro yoyote, ila moja tu: tiketi ilikuwa ndani ya simu ya mtu mwingine, na yeye simu yake ni ya vitufe.

"Nataka karatasi," alisema. "Nikifika pale niwaonyeshe nini, maneno?"

Ndiyo maana Ijumaa, ndege ikiwa ya Jumamosi asubuhi, mama na binti waliingia katika ofisi ya Tajdin, Barabara ya Tano. Tajdin ni wakala wa tiketi tangu enzi za kuziandika kwa mkono. Ofisi yake ina meza moja, feni moja, kalenda nne za mashirika ambayo mawili yameshakufa, na kompyuta ambayo mfumo wake huwa chini kila mteja anapokuwa na haraka. Kuchapisha karatasi ni shilingi mia tano. Ukikata tiketi kwake kuna gharama ya huduma, na huduma yenyewe ni kikombe cha chai ya tangawizi na hadithi za ndugu zake wa Tabora.

"Karibu mama. Hii umekata wapi?" aliuliza akiitazama simu ya Gladness.

"Mkwe wangu kaikata direct."

"Ah. Direct." Tajdin alilitamka neno lile kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani. Akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mama, samahani. Huyu Mama Yotham Mkwe ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Na kitambulisho chako kinasema hivyo?"

Yudith alifungua Biblia aliyokuja nayo, akafungua mfuko wa nailoni, akatoa kitambulisho. Yudith Lameck Ndahani. Kwa mara ya kwanza yale majina mawili yalikutana mezani, nayo hayakufahamiana.

"Kesho hawatakupandisha," Tajdin alisema taratibu, na safari hii hakuwa na kejeli. "Pale mlangoni jina lisipofanana, wewe si abiria. Mimi nami siwezi kuibadili, si tiketi yangu. Na kiti cha kununua upya hakuna, ndege imejaa. Mpigieni mwenye mali."

Yudith akakaa. Mfuko wenye kanzu aliupakata kama mtoto anayelala. Alisali kwa midomo tu, bila sauti, asiwasumbue.

Gladness alipiga simu ya shirika. Sauti ya kike, tamu, iliyorekodiwa, ikamwambia kwamba simu yake ni muhimu sana kwao, kisha ikamwekea muziki. Umuhimu ule ulidumu dakika thelathini na nane. Tajdin alimimina chai. Hatimaye akaja kijana aliye hai, akasema kosa la namna hii linaweza kusahihishwa leo kabla ya saa kumi na moja, kwa ada kidogo, lakini aliyekata ndiye aongee, kwa simu yake ile ile iliyoandikwa. Vinginevyo watume barua pepe, itajibiwa ndani ya siku tano za kazi.

"Ndege ni kesho, kaka yangu!"

"Ndiyo dada. Ndani ya siku tano za kazi."

Daudi aliitwa kutoka Mtumba. Alifika saa kumi na nusu, jasho likimtoka, akamwona mkwe ndani, akarudi nyuma hatua moja, akaingia kiubavu na kusimama akitazama kalenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana direct," alijibu Tajdin. "Kiti hiki hapa. Leo nakukaribisha kwa madalali."

Daudi akakaa, akapiga. Muziki ukalia tena, kwa bahati dakika kumi na mbili tu. Kisha yule kijana: "Ili nithibitishe, naomba utaje jina kamili la abiria kama lilivyo kwenye kitambulisho."

Daudi aliitazama tena kalenda.

"Halo? Jina la abiria?"

"Ni... ni mama mzazi wa mke wangu."

"Sawa kaka. Anaitwa nani?"

Daudi alimtazama Gladness kwa macho ya mtu anayezama. Gladness akaisogelea simu. "Anaitwa..."

"Samahani dada, aseme mwenye simu."

"Naweza kukutajia herufi?" Daudi aliomba. Aliona amepata mlango wa nyuma. Bibi hakukataza herufi. "Y. U. D..."

"Mtandao unakatika kaka. Nimesikia W, U, T. Sema jina zima tu."

Saa ya ukutani, zawadi ya shirika lililokufa, ilisema zimebaki dakika kumi na tano. Tajdin alikohoa. "Mimi ningemwuliza tu mama jina lake. Ndiyo hiyo elfu thelathini na tano tunayowaibia. Tunauliza jina."

Yudith alimtazama mkwewe. Alimwona kijana wa watu, mwenye shahada, shati limelowa mgongoni, midomo ikifunguka na kufumbika kwa ajili ya heshima yake yeye. Alikumbuka kwamba katika miaka sita kijana huyu hajawahi kumvunjia adabu hata kwa kikohozi. Na alikumbuka Yotham, amesimama Jumapili bila mtu pembeni. Akaona heshima hii imekuwa nzuri mno, imezidi kipimo chake.

Kwa mara ya kwanza aliongea naye bila kumpitia mtu.

"Baba," alisema, "mimi natoka nje. Nikishatoka, sema."

Akainuka na mfuko wake, akatoka hadi kibarazani, akasimama kando ya duka la vitenge la Vasanti, anayemuuzia nyuzi siku zote, akajifunika khanga kichwani na kuziba masikio yote mawili. Hivyo asingekuwapo. Mtu asiyekuwapo havunjiwi heshima.

Ndani, Daudi alivuta pumzi. "Yudith," alinong'ona.

"Sijakupata kaka."

"Yudith."

"Ongeza sauti, unakatika kabisa!"

"YUDITH LAMECK NDAHANI!"

Barabara ya Tano ilisikia. Dereva wa bajaji akageuza shingo. Vasanti alitoka dukani na mita yake ya kupimia vitambaa mkononi, akamwona mama aliyeziba masikio, akauliza, "Mama Yotham, huyo Yudith ni nani wanayemgombeza?"

"Ni mimi," alisema Yudith ndani ya khanga yake, na kwa kweli alikuwa akicheka.

Marekebisho yalipita zikiwa zimebaki dakika tatu. Ada kidogo ilitozwa, nayo ilikuwa kidogo kwa macho ya anayeipokea. Tajdin alichapisha karatasi mpya, shilingi mia tano, hakusamehe hata senti, lakini aliitia ndani ya bahasha yenye picha ya ndege na kumpigia Yudith saluti.

Jumapili, askofu alipouliza ni nani anayemleta kijana huyu, Yudith alisogea mbele na kanzu mikononi. Alikuwa amejiandaa kusema Mama Yotham. Ulimi ukasema, "Mimi, Yudith Lameck Ndahani," na sauti ilifika hadi milango ya nyuma. Pindo lilikaa sawa, hata uzi mmoja haukuning'inia. Alilia baadaye, faraghani, kwa sababu majoho meupe yanashika madoa.

Aliporudi Msalato Jumatano, alikuta beberu mweusi amefungwa kwenye mguu wa meza ya cherehani, akitafuna vipande vya pindo. Gladness alikuwa amekaa pembeni.

"Kaleta Daudi. Faini ya kulitaja jina lako. Alimpigia bibi Mvumi akaungama. Bibi kamwambia kila alipotaja, mbuzi mmoja. Sasa anauliza, kwa kuwa ni mtandao uliomfanya arudie mara tatu, wewe ulisikia mara ngapi?"

Yudith hasemi uongo. Alifikiri vizuri, akayashika masikio yake kana kwamba anayauliza.

"Mwambie nilikuwa nimeyaziba. Nilisikia ile moja tu ambayo hata viziwi waliisikia."

Kwa hiyo Daudi aliokoa mbuzi wawili. Mpaka leo, wenzake kule Mtumba wakizungumzia safari, yeye huwaeleza kwa takwimu kwamba kukata tiketi direct kunampunguzia mtu elfu thelathini na tano nzima. Ile ada hamwambii mtu. Na beberu hamtaji. Katika kutotaja, bibi alimfunza vizuri.