Mavilio ya Mikaeli

Mwaka 1953, katika kambi ya mkonge iliyokuwa nje ya mji wa Korogwe, hapakuwa na mwanamke aliyetazamwa kwa jicho baya kuliko Efrazia. Aliolewa na Ernesti, mkata mkonge, baada ya mke wa kwanza, Hilaria wa Vugiri, kufariki dunia. Tangu alipokabidhiwa Mikaeli, mtoto wa marehemu mwenye umri wa miaka mitano, mwili wa mtoto huyo haukukosa mavilio ya damu: leo pajani, kesho mgongoni, siku nyingine goti limevimba hata halikunjiki.

"Unamfinyia wapi, binti? Chumbani au bafuni?" aliuliza mama mkwe wake, Yuditha, mbele ya wanawake waliokuja kuteka maji.

"Mama, haki ya Mungu, sijamgusa kwa ubaya."

"Basi anajifinya mwenyewe, mgongoni!" Wanawake wakaangua kicheko.

Efrazia hakutulia tena. Alimfuata mtoto kutwa nzima, akaondoa mafiga mara tu moto ulipozimika, akatandika magunia sakafuni. Mavilio hayakukoma. Mwishowe akaanza kuishuku hata mikono yake, akawa anamwogesha kwa ncha za vidole.

Ndipo ikatangazwa kwamba Jumamosi Mzee Hiza, ngariba kutoka Handeni, angewatahiri watoto wa kambi, Mikaeli akiwamo. Jumatano mwiba wa mkonge ukamchoma Mikaeli kidoleni. Damu ikatiririka hadi Alhamisi. Valerian, dresa wa zahanati ya kambi, alibadilisha kitambaa mara tatu, kisha akamtazama Efrazia.

"Kwa akina mama yake mzazi, hakuna mwanamume aliyetokwa damu isikatike?"

"Mimi si wa huko, Bwana Dresa."

"Nenda ukaulize kabla ya Jumamosi. Iko damu isiyoganda, nayo hutoka upande wa mama. Mtoto wa namna hiyo huvilia hata akiegemea ukuta."

Ijumaa alfajiri, bila kumuaga mtu, Efrazia alimbeba Mikaeli mgongoni akapanda milima kwenda Vugiri. Mama mzazi wa Hilaria alikwisha kusikia maneno ya kambini.

"Umemleta nimzike?" alifoka. Lakini alipoliona goti la mtoto lililovimba, aliketi chini ghafla. "Ndivyo walivyokuwa wanangu wawili. Mmoja alifia jandoni. Wa pili aling'olewa jino."

"Mbona hamkusema, bibi?"

"Tungesema, nani angemwoa Hilaria?"

Efrazia na mtoto walilala huko, na kulipopambazuka wakateremka, mwanamke akiogopa kila utelezi wa njia, kwa maana kuanguka kwake kungekuwa kuanguka kwa mtoto.

Walipofika kambini, watoto walikuwa wamekwisha kunyolewa nywele, wakingoja kisu.

"Umemtorosha mwanangu!" Ernesti alimjia juu.

"Alikwenda kuficha alama zake," Yuditha akadakia.

Efrazia aliwapita wote wawili, akapiga goti mbele ya ngariba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wajomba wawili wa mtoto huyu walikufa kwa kutokwa damu. Mmoja alifia jandoni. Bibi yake wa Vugiri amenieleza kwa kinywa chake."

Mzee Hiza alimgeuza Mikaeli polepole, akakichunguza kidole kilichokuwa bado kinavuja siku ya nne kwa tundu la mwiba mmoja. Akakifunga kisu chake.

"Huyu simgusi."

"Lakini mzee," Ernesti alisema, "wenzake watamcheka."

"Na wamcheke. Nikimkata, jioni mtanitafuta kwa mapanga."

Ernesti alikitazama kile kidole, kisha akanyoosha mikono kumchukua mtoto. Efrazia alirudi nyuma hatua moja.

"Usimshike mbavuni," alisema. "Pitisha mkono chini ya mapaja, taratibu. Goti la kushoto limejaa."

Ernesti akainama, akampokea mwanawe kama alivyoelekezwa.