Vigezo vya Katambuga

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa katambuga kwenye kituo kimoja cha wagonjwa wa ukoma, upande wa Shinyanga. Soli nilikata kwenye matairi chakavu, juu yake nikabandika mpira laini. Kila mgonjwa alikuwa na kigezo chake cha kadibodi, maana miguu ile haikufanana, na tena ilikuwa imekufa ganzi. Mtu anakanyaga msumari na anaendelea kupiga stori.

Kwa hiyo mguu ukitoka kidonda, nilitoboa tundu kwenye kigezo, mahali pale pale. Nikishona viatu vipya nabonyeza mpira hapo, kovu lisibebe uzito. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe hasa.

Vigezo vilichakaa upesi, na kuvikata upya kwa mkasi kulinichosha mno. Mimi subira sikupewa. Nikaunda mtambo wa mbao wenye mikono miwili: mmoja unafuata mchoro wa unyayo, wa pili una wembe, unakata. Michoro nikaitoa kabatini, ile ya siku mgonjwa alipopokelewa, kwa kuwa ilikuwa safi. Asubuhi moja tu nikamaliza vyote! Vya zamani nikavitia moto, nikazunguka kituo kizima nikijisifu. Ile michoro ilichorwa kabla ya vidonda. Haikuwa na tundu hata moja, na mimi niliyetoboa matundu yale kwa mkono wangu sikukumbuka. Mjinga mkubwa.

Mkulima mmoja wa pamba kutoka Didia alichukua jozi yake mpya, akanishukuru, "Wabeja, mwanangu," akashika njia kwa miguu. Alirudi pamba ikiwa imeshachumwa, nzi wakimfuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkanda umekatika, nishonee."

Nilipomvua, mpira ulikuwa umelowa usaha, na kidonda kimefumuka pale pale palipokuwa na tundu langu. Kilikuwa kimefika mfupani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Walimkata mguu chini ya goti. Mimi nilichukua baiskeli, nikawafuata wengine mmoja mmoja, nikawavua viatu njiani kama kibaka, wengine wakinitukana kwa Kisukuma. Kisha nikaenda wodini kumwomba mzee radhi. Mkewe alikuwa ameketi kitandani kwake, na nilipotaja viatu akasimama.

"Kumbe ni wewe!" akasema. "Umemla mume wangu mguu!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo, hata kwa kofi. Nilistahili. Lakini mzee alimvuta mkewe kanga, akamkalisha, akanitazama kwa huruma iliyonimaliza kabisa.

"Mwache kijana wa watu," akamwambia. "Viatu vyake vilikuwa vizuri. Havikuniuma hata kidogo."